Kuwatoa mende, kunguni, panya na mchwa nyumbani, na kumpata mpiga dawa anayejua kazi

Kuna nyumba Dar es Salaam zimepuliziwa dawa mara tatu nne ndani ya mwaka, na mende bado wanakatiza juu ya meza mchana kweupe. Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Imepigwa kwa mdudu asiyehusika nayo, mahali asipolala, tena mara moja tu wakati kazi ilitaka mara mbili. Mimi nasimamia nyumba za kupanga, hivyo kuwalipa wapiga dawa ni sehemu ya kazi yangu, na nimeona kazi safi na nimeona pia maji yenye harufu yakiuzwa kwa bei ya dawa. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ambao mimi mwenyewe naufuata. Mbili za mwanzo hazina gharama kubwa, na ndizo watu wanaziruka.

Hatua ya 1: Jua ni nani, na analala wapi

Zima taa zote, ngoja hadi usiku wa manane, kisha ingia jikoni na tochi ya simu. Mulika bawaba za kabati, chini ya sinki, nyuma ya friji pale kwenye mota penye joto, na nyuma ya mtungi wa gesi. Ukiwasha taa kubwa kwanza utaona migongo tu inakimbia.

Mende wako wa aina mbili, na tiba zao ni mbali kabisa. Mdogo, wa sentimita moja na nusu hivi, rangi ya kahawia, ana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyu ndiye mende wa Kijerumani. Hakutoka nje: umemwingiza mwenyewe kwenye boksi la dukani, trei la mayai, kreti ya soda au friji ya mtumba. Jike hutembea na kifuko chake cha mayai mkiani mpaka karibu na kuanguliwa, na kifuko kimoja kina mayai 30 hadi 40, kwa hiyo ukimwona mmoja mchana ujue kuna msongamano ndani huko. Mkubwa, mwekundu, wa sentimita nne, yule anayeruka na kuwatia watu mbio, ni mkazi wa chemba na mashimo ya maji machafu. Ukimkuta bafuni amepanda kupitia tundu la maji.

Kwa kunguni usihangaike kumtafuta mdudu. Tafuta alama zake. Nyanyua godoro, fuata mshono wake kwa kidole, kisha angalia ncha za chaga na tundu za skrubu kwenye kichwa cha kitanda. Unachotafuta ni vidoa vyeusi kama wino wa kalamu uliochuruzika, maganda meupe meupe, na mayai madogo yaliyogandishwa kwenye nyufa. Alama za kung'atwa peke yake hazitoshi, maana mbu na viroboto nao wanang'ata. Viroboto hupenda miguu, karibu na vifundo, hasa kwenye nyumba yenye paka au mbwa.

Panya utamjua kwa kinyesi. Cha panya mdogo wa ndani kinalingana na punje ya mchele. Cha panya mkubwa wa darini kinazidi sentimita moja na kimechongoka ncha. Angalia pia michirizi ya grisi ukutani, kwa sababu panya hupita njia ileile kila siku akisugua ubavu.

Mchwa hujenga vijia vya udongo vyenye upana wa penseli vikipanda ukutani au kwenye fremu ya mlango. Vunja kipande kidogo, rudi kesho yake: kikiwa kimezibwa upya, wako kazini. Ukikuta unga mkavu chini ya kiti au kitanda na vitundu vya mviringo kwenye mbao, huyo ni bungua, na dawa ya kumwaga ardhini haitamfikia. Kumbikumbi wanaovamia taa za nje baada ya mvua ni kawaida. Wakitokea ndani, kwenye ufa wa sakafu au ukuta, koloni liko chini ya nyumba yako.

Hatua ya 2: Ondoa maji, makombo na matundu

Mende huvumilia njaa kwa wiki kadhaa, lakini kiu humshinda mapema zaidi. Ndiyo maana bomba la sinki linalovuja, kitambaa kibichi kilichoachwa juu ya karai na trei la maji nyuma ya friji vinawafuga kuliko hata makombo ya ugali. Tengeneza bomba, kausha sinki kabla ya kulala, funika ndoo ya taka. Maboksi usiyahifadhi jikoni. Toa bidhaa, boksi litoke nje siku hiyo hiyo.

Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6 tu, yaani pale kalamu inapopenya naye anapenya. Zunguka nyumba kwa nje. Ziba pengo la bomba linapoingia ukutani kwa saruji iliyochanganywa na waya wa kusugulia sufuria au vipande vya chupa, maana saruji laini peke yake wanaiguguna kabla haijakomaa. Chini ya mlango piga bati au mpira mgumu. Mapengo kati ya bati la paa na ukuta yanahitaji wavu wa waya, na kata matawi ya mwembe au mkungu yanayogusa paa. Povu la kunyunyizia linalouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi wanalitafuna kama mkate.

Mbu nao, kwa kifupi: mapipa, ndoo, matairi na vyungu vya maua vyenye maji vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Yai la mbu aenezaye dengue hufika kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10 kwenye joto letu, na Dar ilikwishaonja dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kusugua ni muhimu kwa sababu mayai hugandama kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji.

Hatua ya 3: Mende, tumia jeli kabla ya kupuliza

Kwa mende wa jikoni, dawa ya kupuliza ndiyo chaguo baya zaidi, ingawa ndiyo inayouzwa zaidi. Inaua waliopo mbele ya macho, waliobaki inawasukuma kwenye soketi, nyuma ya tanuri na kwa jirani. Nunua dawa ya jeli, ile iliyo ndani ya bomba la sindano, yenye fipronili, imidaklopridi au indoksakabu. Weka matone madogo, ukubwa wa punje ya dengu, mengi, yaliyoachana: ndani ya bawaba, kona za droo, chini ya ukingo wa sinki, karibu na mota ya friji. Tone moja kubwa katikati ya rafu ni hasara tupu.

Jeli ni chambo, na mende anatakiwa aile. Akirudi maskani akafia huko, watoto wake hula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanaondoka naye. Kwa hiyo usipulize chochote jirani na jeli, wala usipitishe sabuni au jiki hapo. Ukifanya hivyo chambo hawakigusi tena. Siku za kwanza utaona mende wengi wamelewalewa mchana. Waache waende. Baada ya wiki mbili rudi na tochi, ongeza matone palipoliwa. Kama hawaigusi kabisa, badilisha kiambato, usibadilishe rangi ya boksi tu.

Mende wakubwa hawahitaji jeli yako. Wanahitaji mfuniko wa chemba ukae sawasawa, nyufa zake zizibwe kwa saruji, bomba la kupumulia la shimo lifungwe wavu, na tundu la bafuni liwe na kifuniko. Bafu lisilotumika limwagie maji kila wiki, kwani yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba ndiyo kizuizi chenyewe. Dawa ipigwe ndani ya chemba.

Chaki ya mende inayouzwa barabarani iache huko huko. Ni dawa ya jamii ya pareto iliyotengenezwa kwa umbo ambalo mtoto anaijua kwa kuandikia ubaoni.

Hatua ya 4: Kunguni

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza aibu iwekwe pembeni. Kunguni haji kwa uchafu. Anakuja na begi la safari, kiti cha mtumba, godoro la hosteli, hata na mgeni aliyevaa suti. Haijathibitika kwamba anaeneza ugonjwa kwa kung'ata, ila usingizi unapotea na ngozi inawasha hadi vidonda.

Usihamie kulala sebuleni. Kunguni anafuata joto na pumzi ya mtu, na baada ya siku chache utakuwa na vyumba viwili vyenye kunguni. Usitupe kitanda pia, maana kipya kitapandwa na walewale waliojificha kwenye fremu ya mlango.

Kuanika godoro juani ni desturi yetu, lakini godoro nene halipati joto la kutosha ndani. Wanahamia upande wa kivuli tu. Joto linaloua, mayai pamoja, ni kuanzia nyuzi 50, na lifike kila mahali. Kwa hiyo shuka, foronya, chandarua na nguo za kuvumilia joto zifuliwe kwa maji ya moto. Viatu, mabegi na vitabu vifungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki, vikiwa vichache katika kila mfuko, viwekwe juu ya bati au saruji kwenye jua la saa sita siku kadhaa. Chaga na viungo vya kitanda vya mbao vimwagiwe maji yanayochemka kutoka kwenye birika, polepole, tundu kwa tundu. Wanaoguswa na maji hayo wanakufa, na mayai vilevile. Fanya hivyo nje.

Sogeza kitanda kisiguse ukuta, chomeka shuka na chandarua visiburute sakafuni, kisha kila mguu uweke ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Asubuhi angalia makopo. Hiyo ndiyo ripoti yako ya bure: inakuambia kama bado wanatoka ukutani au wako kitandani humo humo.

Sasa dawa. Nyingi zinazouzwa ni za jamii ya piretroidi, nakala za kiwandani za ile sumu iliyomo kwenye maua ya pareto yanayolimwa nyanda za juu kusini. Ni nzuri kwa mambo mengi, ila kunguni wetu wameshazizoea. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kunguni sugu kwenye vijiji vya Tanzania vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa hizo hizo. Ukipuliza piretroidi peke yake, tena ile ya kopo, unawachosha tu. Muulize mpiga dawa anachanganya na nini, na jina la kiambato alitaje.

Jingine ni mayai. Dawa nyingi haziyagusi. Yanaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo duru ya pili ya dawa ipigwe kati ya siku ya 10 na ya 14, kabla watoto hawajakua na kutaga. Mtu anayekuambia kunguni wanaisha kwa duru moja, mruhusu aondoke.

Na sasa lile la hatari zaidi. Kuna vidonge vya kuhifadhia nafaka, vya aluminiamu fosfaidi, ambavyo watu wanavivunja na kuviweka chumbani kwa ajili ya kunguni. Kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua binadamu, haina dawa ya kuitangua, na hupenya kwenye dari na nyufa kwenda chumba cha pili alikolala jirani. Vidonge hivyo ni vya maghala yaliyofunikwa kwa turubai, chini ya mtu mwenye mafunzo. Visiingie kwenye nyumba ya kulala watu, hata ukiahidiwa kwamba vitawekwa kimoja tu. Mafuta ya taa kwenye kitanda nayo hayana maana. Ni kuni umeandaa.

Hatua ya 5: Panya

Ukishaziba matundu, tega. Mtego wa kufyatua uwekwe ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, mahali penye ile michirizi ya grisi. Dagaa wa kukaanga au nazi iliyochomwa juu ya moto ni chambo kizuri kuliko mkate. Panya mkubwa huogopa kitu kipya, basi siku mbili tatu za mwanzo weka chambo bila kuutega mtego. Akizoea kula, tega. Tumia mitego mingi usiku mmoja kuliko mmoja kwa mwezi mzima.

Sumu iwe hatua ya mwisho, na iwe ya vipande vya nta vya kiwandani, ndani ya boksi linalofungwa ambalo mkono wa mtoto hauingii. Sumu hizi, kama brodifakumu, huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku 3 hadi 7, mara nyingi ndani ya dari. Harufu utaipata. Paka au kuku akila panya huyo anaweza kudhurika.

Zile punje nyeusi au za kijivu zinazouzwa kwenye vipakti visivyo na jina, sokoni na stendi, usizishike. Aghalabu ni dawa kali za shambani zilizofunguliwa na kupakiwa upya. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, Afrika Kusini, na uchunguzi ulikuta terbufosi, sumu ya kilimo iliyokuwa ikiuzwa mitaani kwa ajili ya panya. Biashara ya namna hiyo tunayo hapa pia.

Hatua ya 6: Mchwa

Kama bado unajenga, una bahati. Dawa ya mchwa inamwagwa kwenye udongo ulioshindiliwa, ndani ya msingi na kandokando ya kuta, kabla ya zege la jamvi. Simama pale uone ikichanganywa, maana ikishafunikwa na zege hakuna atakayejua kama ilikuwa dawa au maji. Mvua ikinyesha kabla ya zege, kazi irudiwe.

Nyumba iliyokwisha: fundi anatoboa sakafu kandokando ya ukuta, tundu kila baada ya sentimita 30 hivi, anapandisha dawa ndani ya udongo, kisha anaziba. Kwa nje anachimba mfereji mwembamba kuzunguka msingi. Kumwagia oili chafu au mafuta ya taa kwenye vijia kunaua waliopo kwenye kijia, na malkia hata habari hana. Kuni, mbao na maboksi yaliyoegemezwa ukutani yaondolewe.

Hatua ya 7: Kumwita mpiga dawa

Mende wachache na panya mmoja unamudu mwenyewe. Mwite mtu ukiwa na kunguni waliofika zaidi ya kitanda kimoja, mchwa kwenye nyumba iliyokamilika, au mende kwenye jengo lenye wapangaji wengi. Hilo la mwisho lina sharti: vyumba vyote vipigwe siku moja. Chumba kimoja kikigoma, wengine mmetoa hela ya kuwahamisha wadudu kwa wiki mbili. Kaeni kikao na mwenye nyumba, mkubaliane nani analipa nini, muandike. Kwa uzoefu wangu mwenye nyumba akilipa mchwa na chemba, na wapangaji wakichangia vyumba vyao, ugomvi huwa mdogo.

Anayetaja bei kwa simu bila kuja kuona, mpite. Anayejua kazi huja na tochi, anapiga magoti, anavuta droo, anauliza mlishapuliza nini na lini. Baada ya hapo ndipo mzungumze bei, kwa chumba au kwa ukubwa wa eneo. Muulize haya, na sikiliza anavyojibu kuliko anachojibu:

Kibali chako kiko wapi? Tanzania Bara mwenye mamlaka ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi ya iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, Ngaramtoni, Arusha. Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Leseni ya biashara ya halmashauri peke yake inamruhusu kufanya biashara; haisemi kwamba anajua viuatilifu. Piga picha kibali, angalia tarehe ya mwisho.

Unatumia dawa gani? Ataje kiambato na akuonyeshe kopo lenye lebo, namba ya usajili na tarehe. "Dawa kali ya Ulaya" si jina. Tazama utepe wa rangi chini ya lebo: kijani na buluu ni za sumu ndogo, njano ni ya kati, na nyekundu haina kazi chumbani mwako.

Unarudi lini? Duru ya pili iwe ndani ya bei, yenye tarehe. Mimi huwa nalipa sehemu kubwa siku ya kwanza na nabakiza iliyobaki hadi duru ya pili iishe. Fundi mzuri analikubali hilo bila kununa. Kuna kampuni moja ilitupa kadi nzuri ya dhamana ya miezi sita, na simu yao ikazimwa wiki ya tatu. Tangu hapo kadi sizitazami, natazama salio.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ikitokea madhara, bila risiti huna pa kuanzia.

Hatua ya 8: Siku ya dawa

Toa vyakula, vyombo, miswaki, vitu vya kuchezea vya watoto. Vuta makabati yaachane na ukuta, ondoa kila kitu chini ya vitanda, na kwa kunguni vua godoro na fungua chaga kabisa. Nguo zitoke zikiwa ndani ya mifuko iliyofungwa, la sivyo mnabeba kunguni kwenda nao kwa shangazi. Tangi la samaki litoke au lifunikwe na pampu izimwe, kwani piretroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Paka naye atoke, asirudi mpaka dawa ikauke. Kuna viambato vya jamii hiyo, permethrini hasa, ambavyo mwili wake hauwezi kuvichakata.

Shuhudia uchanganyaji. Chupa ifunguliwe mbele yako, dawa ipimwe kwa kikombe chake, siyo kwa kukadiria. Anayepuliza avae glovu, barakoa ya chujio na buti. Kijana anayepuliza kwa kandambili na leso mdomoni hajafundishwa, na kama hajilindi yeye hatakulinda wewe. Muangalie anapiga wapi: nyufa, kingo za chini za kuta, viungo vya kitanda. Anayezungusha bomba hewani kama anamwagilia bustani anapaka ukuta dawa na kuacha maskani ya wadudu makavu.

Kaeni nje kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, kwa kawaida saa kadhaa hadi pakauke, kisha fungueni milango na madirisha kabla ya kuingia. Wajawazito, watoto wachanga na wenye pumu walale kwingine usiku huo. Meza na sehemu za chakula zifutwe. Kingo za chini za kuta zisipigwe deki hadi duru ya pili ipite.

Mtu akipata jasho jingi, mate kumtoka, mboni za macho kuwa ndogo au kupumua kwa shida baada ya kugusana na dawa, mtoeni kwenye hewa safi, mvueni nguo zilizolowa, muosheni kwa maji mengi na sabuni, na muwahi hospitali mkiwa na kopo lenye lebo. Aliyemeza asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kama tulivyozoea. Mtoto aliyekula sumu ya panya anaweza kucheza vizuri siku mbili tatu kabla ya damu kuanza kumtoka. Mpelekeni siku hiyo hiyo, wakati vitamini K ingali na nafasi ya kufanya kazi.

Hatua ya 9: Kukagua

Siku chache kabla ya duru ya pili rudia ile doria ya tochi. Angalia makopo ya miguu ya kitanda, vijia vya mchwa, matone ya jeli. Andika ulichoona na mahali, umkabidhi mpiga dawa akija, apige pale badala ya kuzunguka nyumba nzima upya. Kwa kunguni endelea kuangalia makopo kwa miezi miwili, maana aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila kula.

Dawa iliyobaki kwenye bomba isimwagwe chemba wala mtaroni. Aondoke nayo aliyeileta. Makopo matupu yasuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha kopo litobolewe kitako kabla ya kutupwa, ili asitokee mtu wa kulikinga maji ya kunywa au kupimia mafuta ya taa.